Kikapu cha Namba Kumi na Saba

Baiskeli za umeme zilipofika Lushoto, zilikuwa zimeshaizoea miji ya tambarare. Dar es Salaam zilipishana na skuta za umeme kila kona, Dodoma watumishi walikwenda nazo kazini tai zikipepea, na Tanga nako zilikuwa zimeanza kuonekana kando ya barabara za mjini. Utaratibu ulikuwa mmoja kila mahali. Unaifungua kwa simu, unakwenda unakokwenda, ukifika unaichomeka kwenye nguzo ya chuma iliyo karibu, inajifunga yenyewe, nawe unaendelea na shughuli zako. Humjui aliyeiendesha kabla yako wala atakayeiendesha baada yako, na hakuna anayekuuliza.

Kampuni ya Gurudumu ilipotangaza kwamba sasa inapandisha baiskeli arobaini milimani, wapo waliocheka mpaka wakashika mbavu. Vijana wa bodaboda ndio waliocheka kuliko wote. Walisema zitateremka zenyewe hadi Mombo, chini kabisa ya mlima, na hakuna atakayezifuata. Wengine walisema zitauzwa vyuma chakavu kabla mwezi haujaandama. Ndipo Esteria aliposimama kwenye mkutano wa kata.

Esteria alikuwa na miaka thelathini na mitatu, fundi baiskeli na binti wa fundi baiskeli, na kampuni ilikuwa imemwajiri awe msimamizi wa Lushoto. Hakuwa mtu wa kunong'ona. Alisema mbele ya mwenyekiti, mbele ya mchungaji na sheikh, na mbele ya wote waliokuja kusikiliza vituko: "Hakuna baiskeli itakayopotea. Hata moja. Ikipotea, narudisha funguo za kampuni, na spana sitashika tena katika mji huu." Watu walimpigia makofi. Lakini neno kama hilo ukishalisema hadharani Lushoto, ndiyo basi tena. Watu watakukumbusha hata msibani.

Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa bure kwa kila mtu. Kampuni ilitaka kuona jambo moja tu: baiskeli zinarudi kwenye nguzo au hazirudi. Nguzo ziliwekwa nne, moja stendi, moja sokoni, moja Magamba na moja njia panda ya kwenda Irente. Esteria alifundisha watu kuendesha kwenye uwanja wa shule, wanawake wengi kuliko wanaume. Walianguka, wakacheka, wakapanda tena. Asiye na simu kubwa, Esteria alimfungulia kwa simu yake ya kazi. Na kwa kweli baiskeli zilipendwa. Mlima ambao mtu alizoea kuupanda akihema, na mzigo kichwani, sasa aliupanda ameketi, mota ikiguna chini yake, huku akiwasalimia waliobaki kwa miguu.

Shida ilikuwa wakati wa kurudisha.

Sasa hapa inabidi niseme wazi, maana waliotengeneza ule utaratibu hawakuwahi kukaa na Washambaa, wenyeji wa Lushoto. Mtu wa kule akiazima sufuria kwako, harudishi kwa kuitupa mlangoni na kuondoka. Anakuja nayo, anabisha hodi, anakusalimia, anakukabidhi mkononi, anakushukuru. Na ndani ya sufuria hiyo anaweka kitu. Yakiwa mayai mawili, sawa; ikiwa ni konzi moja ya maharage, sawa vilevile. Lakini tupu hairudi. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kuhesabu, na ukubwani hata haimjii kichwani kwamba lipo jambo jingine la kufanya.

Na baiskeli za Gurudumu, kwa bahati yao njema au mbaya, zilikuwa na kikapu mbele.

Wa kwanza alikuwa Mzee Nassoro, mkulima wa njegere wa upande wa Magamba. Jioni ya siku ya tatu alipandisha baiskeli hadi Yoghoi, nyumbani kwa Esteria, akiwa amezipita nguzo tatu njiani. Kikapu kilikuwa kimejaa njegere mbichi hadi zinamwagika.

"Shikamoo, mzee," Esteria alisema, akitoka jikoni.

"Marahaba, binti. Nimerudisha chombo chako. Hongea sana, asante sana."

"Mzee wangu, si nilisema kuna nguzo? Pale Magamba ni hatua chache kutoka kwako. Unaichomeka, basi."

Mzee Nassoro alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyesoma mpaka akapitiliza. "Nimkabidhi nani pale? Nguzo? Nikiiambia asante, itaitikia?"

Esteria alicheka, akapokea njegere. Kesho yake wakaja watano. Wiki iliyofuata wakawa kumi na wawili. Aliwaeleza, wakamwitikia vizuri sana, "Sawa, mwanangu, tumekuelewa," na jioni wakaja tena na karoti, mapeasi, viazi na maboga. Stoo yake ikajaa maharage, na viazi vikaanza kuchipua kwa kukosa mlaji. Asubuhi walikuja kuchukua baiskeli palepale uani, baada ya salamu ndefu na habari za nyumbani.

Na hapa ndipo Esteria alipokosea, na yeye mwenyewe alilijua kosa hilo. Badala ya kupiga simu Dar na kusema ukweli, alificha. Kila alfajiri alikuwa akiziendesha mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kuzichomeka njia panda ili ramani ya kampuni isome vizuri. Zilipokuwa tano, aliweza. Zilipokuwa ishirini na kitu, miguu ilikataa. Akaacha, akijipa moyo kwamba mradi zipo na ni salama, kuna ubaya gani? Kwenye ramani ya ofisini kila baiskeli isiyo kwenye nguzo iligeuka nyekundu na kuandikwa: imepotea.

Mwezi wa tatu ukiwa ukingoni, siku ya gulio, Fuso tupu lilipanda kutoka Mombo na kusimama mbele ya nyumba ya Esteria. Akateremka Martin, mkuu wa uendeshaji kutoka Dar es Salaam, raba nyeupe miguuni na simu mkononi. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alikuwa amekuja na maagizo.

Alisukuma geti la mianzi akakuta baiskeli zimepangwa uani mistari mitatu, zimeoshwa, matairi yamejazwa upepo, waya za chaji zimetandazwa kwa utaratibu.

"Dada Esteria," alisema taratibu, "ofisini tumehangaika wiki tatu tukidhani Lushoto kuna genge la wezi. Kumbe umezificha."

"Sijazificha, bosi. Zimeletwa."

Akamweleza yote, tangu njegere za Mzee Nassoro. Hakujitetea kwa kunung'unika. Alisema pia kwamba alizirudisha kwa siri kwenye nguzo wiki za mwanzo, na kwamba hilo lilikuwa kosa lake. Martin alisikiliza, akatazama baiskeli, akatazama lundo la maboga kando ya mlango. Ilionekana dhahiri kwamba nusu anaamini na nusu anadhani ameletewa hadithi za jikoni.

"Ngoja tuhesabu kwanza," alisema.

Wakahesabu, pamoja na zile zilizokuwa zinaingia na kutoka asubuhi hiyo. Thelathini na tisa.

"Namba kumi na saba haipo," Martin alisema, akisoma simu yake. "Haijaonekana kwenye ramani siku tisa. Na iliyoifungua ni simu yako ya kazi."

Esteria alijua namba kumi na saba iko wapi. Alikuwa ameijua siku zote tisa, na siku zote tisa alikuwa hajaenda.

Ilikuwa kwa Mama Jenoveva, mjane wa miaka hamsini na kitu anayekaa juu kabisa, mwisho wa kijinjia cha upande wa Irente. Kwenye uwanja wa shule ndiye aliyeanguka mara nyingi kuliko wote, na ndiye aliyecheka kuliko wote. Aliichukua baiskeli amuwahishe mjukuu kliniki, na hakurudi. Esteria alikuwa amengoja. Kwenda kumwuliza mtu kitu ulichomwazima ni sawa na kumwambia usoni kwamba humwamini, na Mama Jenoveva hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo.

"Iko salama," Esteria alisema.

"Basi iletwe. Ikifika mchana hapa, nitakaa chini nikusikilize vizuri, na nitapiga simu mbele yako. Isipofika, napakia hizi zote. Si mimi, dada. Ni maagizo. Ofisi inataka arobaini."

Nje ya geti watu wa gulio walikuwa wameshaanza kusimama, Mzee Nassoro mbele yao, masikio wazi. Kila mmoja alikumbuka lile neno la mkutanoni, na Esteria aliona jinsi walivyokuwa wanaepuka kumtazama machoni. Aliogopa. Sisemi hakuogopa. Lakini alivuta baiskeli mbili, akamsukumia Martin moja.

"Twende wote. Ila tukifika, bosi, usiseme neno baiskeli mpaka yeye alitaje. Tumekwenda kumjulia hali."

Walipanda. Mara ya kwanza katika maisha yake Martin aliendesha bidhaa ya kampuni yake kwenye mlima wa kweli, na alipofika nusu alisahau kukunja uso. Kulia kwake matuta ya kabichi yalikuwa yamening'inia kwenye ngazi za mlima, kushoto ukungu ulikuwa unajitoa bondeni. Bibi mmoja aliyebeba kuni alimpungia mkono. "Mbona huku inapanda vizuri hivi?" aliuliza. Esteria alimjibu kwamba ndicho alichokuwa anakiandika kwenye ripoti kila wiki, ila hakuna aliyesoma.

Mama Jenoveva alikuwa mlangoni anachambua mboga. Alipowaona, mikono yake ilisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Onga maundo, mmeamkaje? Karibuni." Sauti ilikuwa ndogo.

Wakaulizana habari za watoto, za mvua, za kanisani. Mjukuu alikuwa amepona, homa ilikuwa imeisha siku ileile. Martin aliketi kwenye kigoda akanyamaza kama alivyoagizwa, na huo ulikuwa ungwana wake wa kwanza siku hiyo. Macho ya Esteria yalipita shambani. Maharage yalikuwa yamelala chini, yamechanika kama yaliyopigwa fimbo. Matuta ya viazi yalikuwa yamefumuliwa na maji. Mvua ya mawe ya wiki iliyotangulia, ambayo Yoghoi iligonga mabati tu na kupita, huku juu ilikuwa imemaliza kazi. Hakukuwa na kuku hata mmoja anayeparua uani.

"Kuku nao?" Esteria aliuliza.

"Kideri. Kimewamaliza wote, kwa siku mbili." Mama Jenoveva aliweka mboga chini. "Mwanangu, najua mmekuja kwa nini."

Aliinuka akaingia ndani. Wakamfuata mpaka mlangoni. Chumbani, kando ya kitanda, ilisimama namba kumi na saba, imeoshwa, imefunikwa kitenge kipya ambacho bila shaka kilikuwa cha kwendea kanisani. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi, ndiyo maana ramani haikuiona. Kikapu kilikuwa kimefutwa mpaka kinang'aa, na ndani hakukuwa na kitu.

"Kila siku nasema kesho," Mama Jenoveva alisema. "Kesho jirani atanilipa mayai. Kesho nitapata hata boga. Ningepitaje pale uani kwako, watu wote wamekaa, nikurudishie chombo kikavu hivi? Mjukuu wangu alipona kwa hii baiskeli." Akaanza kulia, kwa aibu zaidi kuliko huzuni.

Martin alifungua mdomo. Yeye ni mtu wa Dar, na alitaka kusema jambo jema kabisa, kwamba si lazima, kwamba kampuni haihitaji kitu. Esteria alimkanyaga raba nyeupe, kwa nguvu. Ukimwambia mtu kama Mama Jenoveva kwamba si lazima, umemwambia kwamba amekwisha, kwamba sasa ni wa kuhurumiwa. Asingeteremka mjini tena mwaka mzima.

Esteria alilengwa na machozi, na wakati huohuo alijisikia hasira, maana siku tisa za heshima yake ndizo zilizomwacha mama huyu peke yake na kikapu kitupu. Alizunguka nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na banda, na ndani ya banda mbuzi wawili majike, wadogo bado, hawajazaa. Chini yao, chini ya mbao, lilikuwapo lundo la samadi kavu, nyeusi, iliyokaa vizuri.

"Mama!" aliita kwa sauti ya kugomba kabisa. "Kumbe una mali hii umekaa nayo, na mimi karoti zangu zinakufa njano kule Yoghoi? Nimezunguka mji mzima natafuta samadi ya mbuzi!"

"Samadi?" Mama Jenoveva alitokeza, akifuta uso.

"Kwani wewe ulidhani nitakula njegere mpaka lini? Stoo yangu imejaa vyakula vya watu mpaka vinachipua. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka samadi. Nijazie kikapu. Na kama una mfuko wa ziada, bosi huyu ana kikapu na hakibebi chochote."

Mama Jenoveva alimtazama. Hakuwa mjinga. Alimtazama muda mrefu, akipima kama anachezewa, akaona uso wa fundi anayetaka samadi. Ndipo akaingia ndani akatoka na mifuko miwili ya salfeti, imefuliwa, akachukua koleo. Alichagua samadi iliyo nzuri kuliko yote, akapepeta mawe kwa mkono. Mfuko wa kwanza uliingia kikapu cha namba kumi na saba. Wa pili uliingia kikapu cha mkuu wa uendeshaji.

Waliteremka watatu kwa mstari, Mama Jenoveva mbele. Betri ilikuwa imekufa, lakini kuteremka hakuhitaji betri. Alikuwa amejifunga kile kitenge kipya. Kila aliyekutana nao alisalimiwa, na kila aliyesalimiwa aliona kikapu kimejaa. Martin alikuwa nyuma, samadi ikimpulizia puani kila kona, naye akaanza kucheka peke yake.

Uani kwa Esteria watu walikuwa wameongezeka. Mama Jenoveva alishuka, akaisukuma namba kumi na saba katikati ya watu wote, akamkabidhi Esteria usukani kwa mikono miwili.

"Nimerudisha chombo chako, mwanangu. Nimechelewa. Na hii ni ya karoti."

"Nimepokea, mama. Hongea."

"Arobaini," alisema Mzee Nassoro kwa sauti, ili asiwepo wa kudai hakusikia. Watu wakapiga makofi, na vijana wawili wa bodaboda nao wakapiga, ingawa kwa kujizuia.

Martin aliketi juu ya boga kubwa, kwa kuwa hapakuwa na kiti, akapiga simu Dar. Alisema Dodoma na Tanga hakuna mwezi ambao hawajapoteza baiskeli, na Lushoto haijapoteza hata moja. Alisema kosa liko kwenye nguzo. Alisikiliza, akabishana, akasikiliza tena, akasema kwamba gari anarudi nalo tupu na kama kuna mtu anataka baiskeli hizi apande kuzichukua mwenyewe. Kisha akafungua ramani, akabonyeza pale Yoghoi palipokuwa na nyekundu tupu, akaandika kituo kipya: Uani kwa Esteria. Kwa mara moja zote zikageuka kijani, hata namba kumi na saba, ambayo Esteria alikuwa ameshaichomeka chaji. Alimwambia Esteria aandike majina mengine, watu wanne au watano wenye ua na wenye mikono ya kupokea, mmoja kila upande wa mji, na kampuni itawalipa kama inavyomlipa yeye.

"Na siku nyingine," aliongeza, "ukiwa na tatizo, nipigie kabla sijaja na Fuso."

"Nitapiga, bosi," Esteria alisema, na safari hii alimaanisha.

Mama Jenoveva alikuwa ameshaanza kuaga. Alitaka kuwahi kupanda kabla ya mvua ya mchana, na uso wake ulikuwa mwepesi. Esteria alimwambia asubiri kidogo. Alimwaga samadi kwenye bustani yake ya karoti, mifuko yote miwili, akaikung'uta, akaingia nayo stoo. Alipotoka, mmoja ulikuwa umejaa maharage aliyokuwa ameyachagua punje kwa punje wiki nzima iliyopita bila kujua anamchagulia nani, mbegu kabisa. Wa pili ulikuwa na viazi vilivyochipua, macho yake meupe yakitokeza, tayari kwa kupandwa.

Akaipakia kwenye baiskeli yenye betri iliyojaa, mmoja kwenye kikapu na mmoja kwenye keria nyuma.

"Hapana, mwanangu," Mama Jenoveva alisema, akirudi nyuma hatua moja. "Hapana. Hii ni nini?"

"Mifuko ni yako, mama," Esteria alisema, akikaza kamba. "Unataka nikurudishie mitupu, watu wote hawa wananitazama?"

Mama Jenoveva aliwatazama watu, akamtazama Mzee Nassoro, aliyekuwa ameanza kutikisa kichwa kwamba hapana, haiwezekani mfuko wa mtu kurudi mtupu. Basi akashika usukani kwa mikono miwili, akashukuru kama inavyopasa, akapanda mlima.